Splankhnizomai: huruma iliyoanzia kwenye maini

Kila mwaka, tukifika Luka sura ya 10 darasani, hatakosekana mwanafunzi wa kufungua kamusi ya Kigiriki na kutoa macho. Biblia yake ya Kiswahili inasema Msamaria "alimhurumia" yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Kamusi inamwambia kitenzi hicho kimetoka kwenye jina la viungo vya ndani: moyo, mapafu, maini, figo. Jumapili haijafika, keshatunga mahubiri: "Wapendwa, utumbo wa Msamaria ulisokoteka!" Waumini wanatazamana, wengine wanadhani mtu wa watu alikula kitu kibovu njiani.

Kitenzi chenyewe ni splankhnizomai. Hiyo "kh" itamke kama ya "Sheikh", na mkazo uweke kwenye "ni". Jina lililokizaa ni splankhna. Kwa Wagiriki wa kale, mnyama wa kafara akishachinjwa, splankhna zake ndizo zilizochomwa na kuonjwa mwanzo, kabla nyama nyingine haijaiva. Umbo la kutenda la kitenzi hiki limo katika 2 Wamakabayo 6:8, kitabu cha Kiyahudi kilichoandikwa kwa Kigiriki, na pale halina huruma hata chembe: ni kula viungo vya ndani vya kafara, jambo ambalo Wayahudi walikuwa wakilazimishwa.

Kutoka jikoni hadi kwenye huruma ni safari ndefu, na waliotembea sehemu kubwa yake ni Wayahudi walioandika Kigiriki. Kiebrania kina neno rahamim, huruma, lenye undugu na rehem, tumbo la uzazi. Katika Mithali 12:10, panaposemwa kwamba huruma za mwovu ni ukatili, Kiebrania kina rahamim, nao wafasiri wa Agano la Kale la Kigiriki wakaandika splankhna. Sisi Waswahili tunalo jambo hilohilo mdomoni bila kujua. "Rehema" yetu imetoka kwenye rahma ya Kiarabu, ambayo ni ya mzizi mmoja na rahim, tumbo la uzazi, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kila unapomwita binti jina la Rehema, tumbo la mama limo humo.

Basi kwa nini tusiseme "utumbo ulisokoteka"? Kwa sababu kila lugha imegawa viungo vyake kwa namna yake. Sisi tuna maneno yanayokata maini, lakini hayo ni ya uchungu na masimango. Tuna tumbo joto, lakini huo ni wasiwasi wa anayesubiri matokeo ya mtihani. Huruma tumeikabidhi moyo. Na anayelalamika kwamba amekatwa maini hafikirii kisu wala bucha. Vivyo hivyo, Mgiriki wa karne ya kwanza aliposikia splankhnizomai katika Injili alisikia huruma nzito, si somo la anatomia. Asili ya neno inapendeza kuijua, ila maana hukaa kwenye matumizi.

Tuyatazame matumizi, basi. Katika Agano Jipya kitenzi hiki kimo mara 12 tu, zote katika Mathayo, Marko na Luka. Karibu kila mara mwenye huruma hiyo ni Yesu mwenyewe. Wengine ni watu watatu wa ndani ya mifano yake: bwana aliyesamehe deni, Msamaria, na baba wa mwana mpotevu. Mara nyingi hutanguliwa na kuona: "alipowaona makutano, aliwahurumia" (Mathayo 9:36), mjane wa Naini, "Bwana alipomwona alimwonea huruma" (Luka 7:13). Kuona peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Kuhani naye alimwona majeruhi, Mlawi alimwona, wakapita kando. Kitenzi hiki ndicho kinachomtenga Msamaria na wale wawili.

Umbo lake katika habari hizo ni kama la kutendwa, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana: tunasema mtu "ameshikwa na huruma", "ameingiwa na huruma". Huruma ndiyo inayomkamata. Kisha kitendo hufuata papo hapo: akanyosha mkono, akamfunga jeraha, akaenda mbio.

Usikichanganye na eleeo, kurehemu, ambacho ndicho kilio cha wahitaji: "Kyrie eleison" ya ibada zetu imetoka huko. Mathayo 18 inavitumia vyote viwili. Bwana anamhurumia mtumwa (splankhnizomai, mstari wa 27), halafu anamuuliza kwa nini hakumrehemu mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake (eleeo, mstari wa 33), na Biblia ya Union Version imezitenga vizuri. Katika Luka 10 haikufanya hivyo: mstari wa 33 na wa 37 yote ina huruma, ingawa wa pili kwa Kigiriki ni eleos. Siwalaumu sana wafasiri wake.

Mahali pagumu ni Marko 1:41, habari ya mwenye ukoma. Hati nyingi, yaani nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, zinasema Yesu alimhurumia. Codex Bezae, hati ya kale iliyohifadhiwa Cambridge, inasema alikasirika. Wataalamu wanabishana, kwa sababu ni rahisi kuelewa mnakili kubadili hasira kuwa huruma kuliko kinyume chake, na Mathayo na Luka wanaposimulia tukio hilo hawataji hisia yoyote. Mimi bado naona uzito wa hati nyingi, lakini sikai juu ya kiti hicho kwa raha.

Jina splankhna lenyewe lina maisha yake. Katika Matendo 1:18 ni matumbo ya Yuda yakimwagika, matumbo halisi. Katika Filemoni 12 Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake na kumwita splankhna zangu, na Kiswahili kimesema "ni moyo wangu hasa". Lakini mistari miwili kabla ya hapo amemwita mtoto aliyemzaa akiwa kifungoni, na Wagiriki walizoea kuwaita watoto wao splankhna. Hapo, kama ningepewa kalamu ya mfasiri, ningeandika: "ni damu yangu mwenyewe."