Je, wajua kwa nini kukaanga chipsi Malindi ni haya lakini kukaanga chipsi Doha ni sifa?

Chukua kijana yeyote wa Malindi aliyemaliza fomu foo na yuko nyumbani tu, mwambie kuna nafasi pale kwenye chipsi karibu na stendi, uone uso utakavyobadilika. Atakwambia "ntaangalia", na haendi kuangalia popote. Sasa huyo huyo mwambie kuna ajenti anapeleka watu Doha, kazi ni mkahawa wa kuku na chipsi, masaa mengi, kulala ni chumba kimoja na wenzako kibao, aisee kesho yake asubuhi yuko foleni ya pasipoti na mama yake ashaanza kuuliza kiwanja cha Muyeye kinaweza kuuzwa bei gani. Akifika kule akituma picha na kofia ya kazi, mtaa mzima unasema mashallah mtoto wa fulani yuko Arabuni.

Viazi ni vile vile, mafuta ni yale yale, hata kuungua mkono ni kule kule. Kwa hivo dharau haiko kwenye karai. Iko wapi basi?

Tuanze mbali kidogo, manake kipande cha dharau hii kilitoka nje. Mwaka 1948 ndugu wawili wa Marekani, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa wao San Bernardino, California, na biashara ilikuwa inalipa tu vizuri, ila walichoka na wapishi wanaoacha kazi ovyo, sahani zinazovunjika, na gharama ya wale wasichana waliokuwa wakipeleka oda mpaka kwenye magari. Wakafunga kama miezi mitatu, wasichana wakaachishwa, menyu ikakatwa ikabaki vitu 9, sahani na uma zikaondolewa ikaja karatasi, na jikoni kazi ikagawanywa vipande vipande, huyu anageuza nyama tu, yule anakaanga chipsi tu, mwengine anafunga tu. Baga ikauzwa senti 15. Watu wakajaa.

Kwa mteja ilikuwa raha. Lakini tazama upande wa mfanyakazi. Zamani mpishi akiondoka mkahawa unayumba, kwa hivo bosi alikuwa anambembeleza. Baada ya kazi kukatwakatwa hivo, mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa muda mfupi akaishika, na yeyote anaweza kutolewa, na anayeweza kutolewa leo hana ubavu wa kuuliza mshahara. Mfanyabiashara Ray Kroc alipoingia katikati ya miaka ya 50 na kuusambaza ule mfumo, fikra pia ikasambaa, kwamba hii ni kazi ya kijana wa shule anatafuta pesa za matumizi, ya kupita tu, mtu mzima mwenye familia hafai kuonekana pale. KFC ilipofungua mkahawa wake wa kwanza Kenya, Nairobi, 2011, ile fikra ilikuwa ishafika kitambo kupitia televisheni.

Na hapa ndo mimi hukasirika kidogo, kwa sababu kibanda cha chipsi cha Malindi hakifanyi kazi hivo hata kidogo. Pale hakuna mtu wa kugeuza tu. Kijana mmoja ndo anapokea gunia, anachagua, anamenya, anakata, anakaanga, anapokea pesa, anakumbuka nani hataki pilipili na nani anataka ukwaju mwingi. Viazi vyenyewe vinatoka bara, mara nyingi ni Shangi, na Shangi ni kiazi kizuri lakini hakingoji mtu, ukikaa nacho kidogo tu kishaanza kuchipua, na joto letu la pwani unalijua. Anayekaanga lazima ajue gunia hili litaliwa lini, ajue kiazi kikiwa na sukari nyingi chipsi zinageuka kahawia kabla ya kuiva ndani, ajue kukaanga mara mbili, ya kwanza moto wa wastani ziive na ya pili moto mkali zikauke. Akikosea mafuta yanaharibika na mafuta ndo pesa. Wakumbuka Januari 2022 KFC hapa Kenya iliishiwa na chipsi? Mzigo wa viazi kutoka nje ulichelewa, watu wakauliza mbona hamnunui vya wakulima wetu, wakajibiwa vya hapa havijapita kwenye utaratibu wao wa ubora. Wiki hiyo hiyo kila kibanda cha Maweni kilikuwa kinakaanga kama kawaida. Huo ni ujuzi, na sisi tumeuita kazi ya waliofeli.

Sasa tuje kwetu wenyewe, manake tusimlaumu Mmarekani kwa kila kitu. Pwani hii ina historia yake na kazi ya kuhudumia watu. Karne ya 19 Malindi ilifufuka kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na waliolima ni watumwa. Lamu nako mji ulikuwa umepangwa kwa madaraja, waungwana wana nyumba zao za mawe, na kubeba, kupika, kuteka maji ni kazi za watu wa chini. Hadhi ya utumwa ilikuja kufutwa kisheria 1907, yaani ni zama za mababu wa mababu zetu, si mbali hivo. Halafu akaja mkoloni, na mwanamume mzima mwenye wake na watoto akiingia jikoni kwa Mzungu anaitwa boi. Kwa hivo mzee akisema "mwanangu hatamtumikia mtu chakula", nyuma ya hayo maneno kuna kidonda cha kweli, na mimi siwezi kumcheka. Ninachosema ni kwamba kile kidonda kinamuumiza mtu ambaye siye, kijana wa leo anayejitafutia riziki yake ya halali.

Lakini hata historia haitoshi kueleza ile ya Doha, au sio? Kama shida ni kutumikia, mbona kutumikia Arabuni ni sawa? Na mbona kutumikia Casuarina kwenye hoteli ya Wataliano ni sawa? Wataliano wako Malindi tangu miaka ya 60, walikuja na ule mradi wa San Marco wa kurusha satelaiti kule Ngomeni, utalii ukafuata, na sasa kuna vijana wa Barani wanaongea Kitaliano kama wamezaliwa Roma, wamejifunza jikoni wakipika pasta. Hao wanaitwa mashefu. Wanaposwa wao na wanaposa.

Jibu langu ni hili: kinachotuuma ni kuonekana, na kuonekana na nani. Hotelini anayekuona ni mgeni, atakaa wiki moja aende zake. Doha anayekuona hakujui jina. Lakini kaunta ya chipsi ya mjini anayekuja ni shangazi, ni mwalimu aliyekufundisha, ni yule msichana wa darasa lenu ambaye sasa anafanya kazi benki, na mpenzi wako wa zamani na mumewe wameshikana mikono wanataka chipsi kuku mbili. Unawapa na unawarudishia chenji. Malindi ni mji mdogo, Lamu ndo kabisa, ukikohoa Langoni Mkomani washasema pole. Mama hasemi "kazi hiyo mbaya", anasema "watu watasema nini, nimemsomesha mpaka diploma aje akaange viazi barabarani". Neno zito hapo ni barabarani.

Ushahidi ni Ramadhani. Alasiri ikifika, barabara zote zinajaa meza, viazi karai, bajia, sambusa, kaimati, na wanaouza ni watu wa kila namna, watoto wa watu wenye nyumba zao, wanaume kwa wanawake, na hakuna anayejificha. Mwezi mzima mji unauza vya kukaanga na heshima iko palepale. Idi ikipita ile haya inarudi. Kama ingekuwa ni kazi yenyewe inamshusha mtu, ingemshusha na mwezi wa Ramadhani.

Kuna sababu nyengine ambayo watu hawaisemi sana na mimi naona ndo kubwa kuliko zote: karatasi. Hoteli kubwa ina barua ya kazi, ina yunifomu, ina makato ya NSSF, hata kama msimu ukiisha Aprili mvua zikianza watu wanaambiwa waende nyumbani mpaka Julai. Aliyeenda Doha ana kontrakti, hata kama saa zingine hiyo kontrakti inageuka akishafika na anateseka vibaya, ile karatasi anayo na mama ameiona. Kijana wa chipsi anaanza saa nne asubuhi anafunga saa sita usiku, analipwa kwa siku, mvua ikinyesha wateja wakikosa anaambiwa leo chukua nusu, akiugua nafasi yake ishachukuliwa. Ukiposa binti wa watu na baba yake akuulize unafanya kazi gani utasema nini, kwamba unashika karai la mtu na kesho hujui? Baba yule havidharau viazi, anaogopa hiyo kesho.

Kwa sheria kijana huyu si mtu wa hivi hivi. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kwenye miji iliyokuwa na manispaa, na Malindi ilikuwa nayo, kuwa shilingi 14,866 na senti zake kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mpishi na weita wako daraja la juu yake kidogo, wamewekwa pamoja na mchonga mawe na utingo wa lori. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi, huyo si kibarua tena, ahesabiwe kama wa mwezi. Ana haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki na likizo ya siku 21 za kazi akitimiza mwaka. Halafu fikiria hili, serikali hiyo hiyo inamtaka apimwe afya kila miezi 6 apate cheti cha kushika chakula, na bwana afya akipita akikosa kukiona kibanda kinafungwa. Yaani kwa upande wa wajibu anahesabiwa mtaalamu, kwa upande wa haki anahesabiwa mpita njia.

Ati kazi hii haiwezi kulipa vizuri kwa sababu ni chipsi? Denmark, McDonald's ilipoingia mwanzo mwa miaka ya 80 ilikataa kufuata makubaliano ya vyama vya wafanyakazi. Mwisho wa miaka ya 80 vyama vikaungana, wa bandarini hawapakui mzigo wake, madereva hawapeleki, wachapishaji hawachapi karatasi zake, mpaka kampuni ikakubali. Tangu hapo mkaanga chipsi wa kule ana mshahara wa maana, likizo zaidi ya wiki 5 na pensheni. Marekani kwenyewe ilichukua muda, Novemba 2012 wafanyakazi kama 200 hivi wa New York waliacha kazi siku moja kudai dola 15 kwa saa, watu wakawacheka, na Aprili 2024 sheria ya California ya dola 20 kwa saa kwa wa mikahawa mikubwa ya namna hiyo ikaanza kazi. Baga haikubadilika hapo, na aliyeishika alikuwa ni yule yule.

Sisemi kibanda cha mtu mmoja kiwalipe watu kama Denmark, mwenye kibanda naye anahangaika na bei ya mafuta na ya gunia, namuelewa. Lakini barua ya ukurasa mmoja haina gharama, na siku ya mapumziko inayojulikana haina gharama kubwa. Ukiwa na hizo mbili, mama ana kitu cha kumjibu shangazi.

Na wewe uliye kwenye karai sasa hivi, kama umepita mwezi na hujaandikiwa chochote, mahakama ya kazi inakaa hapa hapa Malindi, huna haja ya kupanda basi kwenda Mombasa. Andika kwenye daftari siku unazoingia na saa unazotoka. Kama unalipwa kwa M-Pesa usifute zile meseji hata simu ikijaa, futa picha kwanza, manake jambo la mwanzo utakaloulizwa ni una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa unafanya kazi pale.