Kitabu kilichomo kwenye simu nacho kina mwenyewe

Na Mkutubi, Huduma kwa Wasomaji, Mtwara

Malalamiko mengi yanayofika kwenye meza yetu siku hizi hayahusu tena vitabu vilivyochelewa kurudishwa. Yanahusu mafaili. Mzazi amelipia fotokopi ya kitabu kizima stesheneri, mtoto akaenda nacho shule, mwalimu akasema si cha mtaala unaotumika. Mwandishi kutoka Newala alikuwa akiuza riwaya yake sehemu kwa sehemu kwenye WhatsApp. Mtu akazikusanya sehemu zote, akaziunga kuwa PDF moja, na sasa anaiuza kwa bei ya soda. Mkulima ameshika mwongozo wa kupulizia mikorosho na hana namna ya kujua ulitolewa mwaka gani. Wote watatu wamekutwa na jambo moja: maandishi yaliwafikia, au yaliwatoka, bila ukurasa unaosema ni ya nani, ya lini na ya toleo la ngapi.

Ukurasa huo upo katika kila kitabu kilichochapishwa kwa utaratibu. Uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, wenye maandishi madogo: mwenye hakimiliki, mchapishaji na anwani yake, mwaka wa toleo la kwanza, miaka ya chapa zilizofuata, na ISBN, yaani namba ya kukitambua kitabu. Wasomaji wengi huuruka, na zamani kuuruka hakukuwa na madhara, maana ulibaki pale pale umeshonwa pamoja na kurasa nyingine. Kwenye simu haushonwi na chochote. Mmoja anapiga picha sura anayoihitaji, mwingine anairusha kwenye grupu la wazazi, wa tatu anaziunga picha kuwa PDF na kulipatia faili jina analolipenda. Kilichoachwa cha kwanza ni ukurasa ule wa maandishi madogo.

Naomba nieleweke. Hakuna mkutubi wa Kusini mwenye sababu ya kuichukia intaneti. Gazeti la Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 500 kufika Mtwara mjini, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililolibeba lilisubiri kivuko mto Rufiji. Leo msomaji wa Nanyumbu anasoma habari saa ile ile anayosoma mtu wa Kariakoo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu wa Liwale mwenye simu na bando anaweza kuvisoma bila kulipia kitabu. Kijana mwenye riwaya yake hahitaji tena kusubiri miaka majibu ya mchapishaji. Mitambo ya ofseti hudai kutengenezewa sahani kabla ya kuchapa, kwa hiyo nakala chache zilikuwa ghali mno; uchapaji wa kidijitali umemwezesha mtu kutoa nakala 50 akaanza nazo. Haya ni mambo makubwa na tunayashangilia.

Lakini njia hizi nazo hukatika. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, Kilwa. Kabla ya mwezi huo kufika katikati, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyekuwa na kitabu chake mkononi aliendelea kusoma. Kwa hiyo tunapomwambia mwandishi alete nakala za karatasi maktaba hata kama kazi yake yote iko mtandaoni, asidhani ni ushamba wa wakutubi.

Nirudi kwa mzazi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, na unaingia kwa awamu. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa vitabu vya zamani na vipya vitakuwa mitaani kwa pamoja, na mafaili ya vile vya zamani ndiyo mengi kwenye flashi za stesheneri kwa sababu yamekaa muda mrefu zaidi. Kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji afungue ukurasa wa maandishi madogo. Kama haupo, usinunue. Kama upo, soma mwaka, kisha mwulize mwalimu wa somo. Hili halihitaji utaalamu wowote, na inasikitisha kuona mzazi aliyekagua tarehe kwenye pakiti ya maziwa akitoa maelfu kwa karatasi zisizo na tarehe yoyote.

Kwa mkulima, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kosa lake huonekana mti ukishaumia. Kiwango cha dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, hutegemea aina ya kiuatilifu, na maelekezo ya salfa ya unga si maelekezo ya dawa ya maji. Ukurasa mmoja uliopigwa skrinishoti kutoka kwenye mwongozo hauonyeshi unazungumzia ipi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko hapa hapa Mtwara na ndicho chenye dhamana ya utafiti wa korosho. Mwongozo wa kweli una jina la taasisi na mwaka. Usio na hivyo viwili mpelekee ofisa ugani kwanza, aukague kabla hujawarushia wenzako wa AMCOS, chama chenu cha ushirika.

Sasa hakimiliki, ambako dhana potofu ni nyingi. Ya kwanza ni kwamba kitu kikishafika mtandaoni kimekuwa cha wote. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi aliyefariki mwaka 1990, kazi zake zinalindwa hadi mwaka 2040, ziwe kwenye karatasi, kwenye flashi au kwenye grupu. Ya pili ni kwamba asiyeuza hana kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inazungumzia wazi anayetumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki hizo. Kwa asiyefanya biashara, kifungu hicho kama kilivyotungwa kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa anayefanya biashara ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Wenye stesheneri wasome sentensi hiyo mara mbili. Flashi yenye vitabu 200 vya wenyewe, pamoja na bango la bei ukutani, ni biashara. Kumtolea mwanafunzi kurasa chache za kujisomea ni jambo moja. Kudurufu kitabu kizima na kukibana kwa spairo ni jambo jingine kabisa. Jibu la kwamba nilitumiwa tu nimelisikia mara nyingi kupita kiasi. Aliyekutumia hakuwa na cha kukupa.

Dhana ya tatu wanayo waandishi wenyewe: kwamba ISBN ndiyo hakimiliki. Hapana. Hakimiliki huzaliwa pale unapoandika, bila kibali cha mtu. Tanzania iko katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba ulinzi hausubiri usajili. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi pale ugomvi unapotokea, na kwa sababu hiyo tunashauri sana usajili. ISBN ni namba ya kutambua kitabu sokoni na maktabani, basi. Haizuii mtu kuiba, na haithibitishi kuwa kitabu ni kizuri.

Kwa kuwa maombi mengi yanarudishwa kwa makosa yale yale, nieleze utaratibu wa ISBN kwa urefu. Inayotoa namba hizi nchini ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Andaa ukurasa wa jina la kitabu ukiwa kamili, na ukurasa wa maandishi madogo ukiwa kamili isipokuwa nafasi ya namba. Jina la mwandishi liwe moja kila mahali. Wapo wanaojiita hivi kwenye jalada na vingine ndani. Amua mapema kitabu kitatoka kwa maumbo yapi, kwa sababu kila umbo hupewa namba yake: jalada laini lina yake, jalada gumu yake, EPUB (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu) yake, na PDF ikiuzwa peke yake ina yake. Usichukue namba ya kitabu cha karatasi ukaibandika kwenye faili. Ukichapa tena bila kubadili maandishi, namba ni ile ile, hata ukibadili bei au rangi ya jalada. Ukirekebisha na kuongeza sura, hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya. Namba ina tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Ukipewa na mtu namba ya tarakimu 10 kwa kitabu kipya, umetapeliwa. Nyingi za Tanzania utaziona zikianza na 978-9976 au 978-9987. Namba ya kukopa kwenye kitabu cha rafiki haifai hata kama rafiki ameridhia, kwa sababu duka au maktaba ikiitafuta itapata kitabu cha rafiki yako. Kitabu kikitoka, sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Bodi. Mwandishi anayejichapishia mwenyewe ndiye mchapishaji, na wajibu huo ni wake.

Mwandishi wa Newala niliyemtaja ana njia. Atunze sehemu zote alizorusha pamoja na tarehe zake, atunze mswada wa awali, apige skrinishoti za tangazo la anayeuza zikionyesha namba ya simu na siku, kisha afike COSOTA. Asifute mazungumzo kwa hasira. Na kuanzia sasa kila sehemu anayoirusha ibebe jina lake, mwaka na namba ya sehemu ndani ya ukurasa wenyewe, kwa sababu maelezo yaliyo nje ya picha hayasafiri na picha.

Kuhusu usanifu nitasema machache, kwa sababu vijana wetu wa grafiki ni hodari na kinachowaangusha ni mambo madogo. Kava lililotumwa WhatsApp kama picha limeshabanwa. Litume kama dokumenti. Mchapaji anataka picha ya nukta 300 kwa inchi, na rangi zilizopangwa kwa wino nne, si kwa mwanga wa kioo, vinginevyo ile buluu ya bahari ya Mikindani uliyoiona kwenye simu itatoka imefifia. Acha milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu. Angalia herufi ya ng’: alama ile isitazame upande usio wake, na programu zinazosahihisha maneno zenyewe hugeuza Kiswahili kuwa Kiingereza bila kuuliza. Mwandishi na msanifu waandikiane kabla ya kazi kuanza nani anamiliki kava na nani anabaki na faili lake la awali. Nimeshuhudia vitabu vikikwama toleo la pili kwa sababu hiyo tu.

Je, kusoma kwenye simu ni sawa na kusoma kwenye karatasi? Walimu huuliza sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliounganisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kuwa kwa maandishi ya maarifa wasomaji wa karatasi walielewa vizuri zaidi, na tofauti ilikua muda wa kusoma ulipobanwa. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Ushauri wangu kwa walimu wa Masasi na Nachingwea ni kwamba riwaya waache zisomwe kwenye simu kwa raha zote, lakini somo la baiolojia linalotakiwa kukaa kichwani mpaka mtihani lisomwe kwenye karatasi, kalamu mkononi.

Yuko msomaji ambaye kwake simu ni bora kuliko karatasi, naye ni asiyeona. Simu inaweza kumsomea kitabu kizima kwa sauti, ilimradi ndani ya faili kuna maandishi. PDF nyingi zinazozunguka ni picha za kurasa zilizopigwa au kuskaniwa. Programu ya kusoma inakutana nazo na kunyamaza, herufi hazikuzwi bila kuwa na ukungu, hakuna neno linalotafutika, na bado zinakula bando mara nyingi zaidi ya maandishi. Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kutengenezwa nakala zinazosomeka kwa wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi yaliyochapwa. Ruhusa hiyo ni kwa ajili yao. Isigeuzwe kichaka cha kusambazia watu wengine. Kazi ya kutengeneza nakala hizo huanzia kwenye faili la awali la mwandishi, lile la maandishi, kabla halijawa PDF ya kwenda kiwandani. Waandishi wengi hulifuta wakishapokea vitabu, au hulipoteza pamoja na simu. Litunzeni mahali pawili, mkiandika ndani yake jina, mwaka na toleo, na mkija kuwasilisha nakala za karatasi mtuambie mnalo.