Kwa nini mkono uliopigwa ganzi mchana huuma ghafla usiku wa manane?

Mdogo wangu alianguka na bodaboda nje kidogo ya Jinja, akajikinga kwa kiganja, na mfupa mkubwa wa kigasha ukavunjika karibu kabisa na kifundo cha mkono. Saa nne asubuhi alidungwa sindano kwapani, na baada ya kama nusu saa mkono wote ulikuwa mzito kama gogo. Akawekewa bamba la chuma na skrubu bila nusukaputi. Jioni aliketi kitandani akila kwa mkono mwingine, akisema haumwi hata kidogo. Nikamshauri avitunze vidonge vyake mpaka maumivu yaanze, kwa kuwa niliamini kwamba kumeza dawa ya maumivu wakati huumwi ni kuipoteza bure. Saa saba usiku alikuwa analia.

Tangu siku hiyo nimewasikia wengi wakitoa ushauri ule ule, na ndiyo maana nataka kuuchambua kwa makini. Unatokana na imani kwamba ganzi inatibu maumivu, yaani kwamba saa zile za utulivu ni saa ambazo jeraha lenyewe linatulia. Unatokana pia na imani kwamba ganzi ikiisha, maumivu yataanza madogo na kukua taratibu, hivyo mgonjwa atapata nafasi ya kunyoosha mkono na kuchukua kidonge. Imani zote mbili si sahihi. Wakati mdogo wangu anakula kwa utulivu, ngozi iliyochanwa, mfupa uliotobolewa na nyama iliyovutwa kando vilikuwa vinavimba na kutoa kemikali zinazoamsha neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo, kama ambavyo vingefanya kama asingedungwa kabisa. Kilichokuwa kimesimama ni habari tu, isifike kwenye ubongo.

Neva za mkono hutoka shingoni, hupita nyuma ya mtulinga, kisha hushuka kupitia kwapani zikiwa zimeuzunguka mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo sababu kifundo cha mkono hupigwa ganzi mbali nacho, kwapani au karibu na mtulinga, na siku hizi mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi. Njia hizo mbili zilielezwa na madaktari wa Ujerumani mwaka 1911, Georg Hirschel ile ya kwapani na Diedrich Kulenkampff ile ya juu ya mtulinga.

Ili kuelewa kinachotokea ndani ya neva, wafikirie vibarua waliojipanga kwenye jengo, wakipokezana matofali kutoka chini hadi ghorofani. Kila mmoja hupokea kutoka kwa jirani yake na kumpa anayefuata. Hakuna anayetembea, lakini tofali linafika. Neva husafirisha habari kwa namna hiyo: sehemu moja hufungua vilango vidogo vinavyoingiza chembe za sodiamu, na mshtuko huo huamsha vilango vya sehemu inayofuata. Dawa ya ganzi kama bupivakaini hupenya ndani ya neva na kuviziba vilango hivyo. Kibarua mmoja akiketi, jirani yake anaweza kunyoosha mkono na kumruka. Wakiketi watatu waliofuatana, tofali halivuki. Ndivyo ilivyo kwa neva zenye ala ya mafuta, na hii ndiyo sababu dawa inapaswa kuilowesha neva kwa urefu wa kutosha. Hakuna kibarua aliyeuawa. Wanaohofia kwamba sindano hii huua neva wajue kwamba damu huiondoa dawa kidogo kidogo na vilango hufunguka tena. Madhara ya kudumu yapo, lakini ni nadra.

Sasa, vibarua wale watatu wakisimama tena, rundo la chini bado ni kubwa, kwa kuwa uvimbe huwa mkali katika siku ya kwanza na ya pili. Matofali hupanda kwa kasi, na kidonge kilichomezwa wakati huo huhitaji karibu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kusaidia. Watafiti bado wanabishana iwapo haya ni maumivu yale yale yaliyofunuliwa, au kama neva huwa kali zaidi kwa muda baada ya ganzi; lakini kwa mgonjwa jibu la vitendo ni moja: dawa alizoandikiwa, kwa mfano parasetamoli, azimeze kwa saa zake, ziwe tayari mwilini kabla ganzi haijaisha.

Bupivakaini iliyodungwa mara moja kwa kawaida hudumu saa 8 hadi 16, wakati mwingine zaidi. Aliyedungwa saa nne asubuhi atarajie mabadiliko kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nane usiku, kwa hiyo inafaa kuuliza saa ya sindano na kuiandika. Dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole kuwashawasha kama vinapitiwa na sisimizi.

Kabla ya hapo mkono utundikwe shingoni kwa kitambaa na ukae mbali na sigiri, kwa sababu utaungua bila mwenyewe kujua. Vidole vitazamwe pia: vikivimba sana, vikipauka au kuwa baridi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, mgonjwa arudishwe hospitali usiku huo huo, kwani maumivu ya plasta ngumu inayoubana mkono yanaweza kufichwa na ganzi.