Samaki mmoja hageuki: mageuzi na midomo ya furu

Kila nikisikia mtu anaelezea mageuzi kwa kusema "samaki alikosa chakula, akaamua kurefusha mdomo ili ale wadudu", roho inaniuma, maana hapo ndo maana yote inapotea. Mageuzi ni mabadiliko ya ukoo mzima wa viumbe, kizazi baada ya kizazi. Wanazaliwa wengi na hawafanani, huyu kichwa kipana kidogo, yule chembamba, sasa wale ambao umbo lao linawashibisha ndo wanaacha watoto wengi zaidi, na watoto wanarithi umbo hilo.

Chukua furu, samaki wa Ziwa Victoria, wale Waganda wanaowaita nkejje. Wanakadiriwa spishi 500 hivi au zaidi, na ziwa lenyewe lilikauka likaanza kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, yaani juzi tu kwa hesabu za viumbe! Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaoponda konokono, kuna wanaokula samaki wenzao na hao wengi miili yao ni mirefu, myembamba, ya kukimbiza. Kilichowasaidia sana kiko kooni: wana taya za pili kule ndani za kusagia chakula, kwa hiyo mdomo wa mbele umebaki na kazi ya kukamata, ukapata nafasi ya kuchukua maumbo ya kila aina.

Sasa panapowachanganya watu ni hapa. Kuna furu mla konokono, Astatoreochromis alluaudi, akikua anakula konokono taya za kooni zinakuwa nene zenye meno butu, ila ukimlea kwa chakula laini zinakuwa nyepesi zaidi. Mtu akiona hivo anasema si huyo hapo kajigeuza. Kabadilika kweli, ila huo ni ukuaji, kama mkono wa mvuvi wa kasia unavyojaa misuli, na mtoto wa mvuvi hazaliwi na misuli ile. Watoto wa furu huyu wanachorithi ni uwezo wa taya kukua kufuata kazi, na uwezo huo ndo unaoweza kupita kwenye mchujo wa vizazi.

Kwa hiyo ukimwelezea mtoto, usiseme samaki alirefusha mdomo. Mwambie waliozaliwa na mdomo mrefu kidogo walikula vizuri wakazaa zaidi, na ikaendelea hivo kwa vizazi vingi sana.