Entropia ya ulimwengu ulipokuwa mchanga

Wengi waliosoma fizikia ya kidato cha sita wanakumbuka kwamba entropia ni "vurugu". Maana hiyo inatosha kwa mtihani, ila ukienda nayo hadi mwanzo wa ulimwengu inakupoteza njia. Afadhali tuanze kwa kuhesabu.

Chukua maharage 10, uyarushe bila kuangalia kwenye sahani mbili. Kila harage lina njia mbili za kuangukia, kwa hiyo jumla ya namna ni 1,024. Ili yote yaingie sahani ya kushoto kuna namna moja tu. Ili yagawanyike 5 kwa 5 kuna namna 252. Hakuna kinachoyasukuma yagawane nusu kwa nusu. Namna za kufika huko ndizo nyingi. Entropia hupima wingi huo: hali moja unayoiona kwa nje inaweza kutokea kwa mipangilio mingapi ya ndani. Ludwig Boltzmann aliliweka wazo hili kwenye hesabu mwaka 1877, na fomula yake imechongwa kwenye kaburi lake Vienna. Kwa maharage 10 bado unaweza kubahatika. Kwa atomu zilizo kwenye glasi moja ya maji, hata ukisubiri umri wote wa ulimwengu hubahatiki, na ndiyo maana entropia ya kitu kilichojitenga na vingine haipungui.

Sheria hiyo inasema mambo yanaelekea wapi. Haisemi yatafika lini. Hapa watu wa Iringa wana mfano wao. Miaka ya 1960 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji yenye joto dogo. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, lakini hata Mpemba akipewa ushindi wote, sheria ya entropia haijaguswa: vyombo vyote viwili vinaelekea kwenye barafu, ubishi ni wa mwendo tu. Tofauti hii ya mwelekeo na mwendo tutaihitaji mbele.

Sasa kitendawili chenyewe. Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walinasa kwa antena mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga. Ni nuru iliyoachiliwa miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipokuwa na joto la Kelvini 3,000 hivi. Leo imepoa hadi Kelvini 2.7. Nuru hiyo iko sawasawa kila upande, na hitilafu zake ni kama sehemu moja katika 100,000. Gesi ya moto iliyosambaa sawasawa namna hiyo, kwenye kitabu chochote cha shule, ndiyo hali ya entropia ya juu kabisa. Basi kama ulimwengu ulianzia kileleni, umewezaje kuendelea kupanda kwa miaka bilioni 13.8?

Jibu ni mvutano, yaani graviti, nguvu inayofanya vitu vyenye uzito vivutane. Gesi ndani ya chupa inapenda kusambaa kwa sababu mvutano kati ya atomu zake ni mdogo mno kuhesabika. Ukiwa na gesi ya kujaza anga lote, mambo yanageuka. Mvutano unataka vitu vikusanyike, na vikikusanyika vinapata joto, vinatoa nuru, na nuru hiyo inasambaza entropia kila upande. Kwa hiyo kwa upande wa mvutano hali iliyosambaa sawasawa ndiyo adimu, kama maharage yote kwenye sahani moja. Mwisho wa kukusanyika ni shimo jeusi, mahali ambapo mvutano ni mkali hata nuru haiwezi kutoka, na hapo kazi za Jacob Bekenstein na Stephen Hawking za miaka ya 1970 zinatupa namba: shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa majua milioni 4 hivi, lina entropia kubwa kuliko nuru yote ile ya kale iliyomo katika ulimwengu tunaoweza kuuona. Shimo moja tu! Ukiangalia namba hiyo ndipo unapoona ulimwengu mchanga ulikuwa chini kiasi gani.

Jua letu limo kwenye safari hiyo hiyo. Kwa kila chembe moja ya nuru inayotufikia kutoka juani, dunia hurudisha angani chembe kama 20 za joto hafifu. Nishati inayoingia na inayotoka ni karibu sawa. Entropia inayotoka ndiyo kubwa zaidi. Chai ya Mufindi na viazi vya Njombe vinaishi kwa tofauti hiyo.

Lakini kwa nini jua bado lina kuni za kuwaka? Rudi kwenye mwendo. Katika dakika chache za mwanzo, protoni na nyutroni, chembe zinazojenga viini vya atomu, ziliungana zikatengeneza heliamu, kama asilimia 25 ya uzito wote, kisha kazi ikasimama kwa kuwa ulimwengu ulikuwa unatanuka na kupoa haraka mno. Protoni nyingi zikabaki bila kuungana, na ndizo kuni za jua. Zingepata muda, zingeishia kwenye viini vilivyoshikamana kuliko vyote, yaani vya chuma na nikeli. Ukitaka kugusa mwisho huo, nenda Mbozi ukakione Kimondo: zaidi ya tani 10, karibu asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Metali hiyo ilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Wageni hupiga picha nacho kwa sababu kilitoka angani. Mimi naona ajabu yake kubwa ni kwamba ni majivu.

Na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomu na chembe zake, inaingia wapi? Kwenye zile hitilafu ndogo. Ulimwengu ulio sawasawa kabisa usingekuwa na pa kuanzia kukusanyika. Fizikia ya kwanta hairuhusu utulivu kamili: hata mahali patupu pana mtikisiko. Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza anga lilifumuka ghafla, na mwaka huohuo Viatcheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walionyesha kwamba mtikisiko wa kwanta unaweza kunyoshwa hadi ukawa mbegu za galaksi. Setilaiti ya COBE iliziona hitilafu hizo, na matokeo yakatangazwa mwaka 1992. Mfumuko wenyewe bado ni nadharia, japo hesabu zake zinalingana vizuri na ramani za anga.

Kwanta ina pia hesabu yake ya entropia, aliyoiandika John von Neumann mwaka 1927. Mfumo mzima ukiwa katika hali moja kamili ya kikwanta, entropia yake ni sifuri. Ukichukua kipande chake peke yake, kipande hicho kinaweza kuwa na entropia, kwani habari zake nyingine zimo kwenye uhusiano wake na vipande vilivyobaki. Maana yake ulimwengu wote unaweza kubaki na sifuri, na sisi tulio kipande ndani yake tukaona entropia ikipanda kila siku.

Kuna wanaosema mfumuko umemaliza swali la mwanzo. Wamewahi mno. Roger Penrose alipiga hesabu ya uwezekano wa kupata mwanzo laini kama wetu kwa bahati tu: ni nafasi moja katika namba inayoanza na 1 na kufuatwa na sifuri ambazo idadi yake ni 10 kwa kipeo cha 123. Mfumuko haulipi deni hilo, kwa sababu nao, ili uanze, unahitaji kipande cha anga ambacho tayari kina entropia ndogo.