Dhana potofu kuhusu rimasta na rekodi za jukwaani katika muziki wa roki

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja aliniarifu kwa furaha kwamba amemgawia mpwa wake sidii zake zote za zamani za AC/DC, Led Zeppelin na Metallica, kwa kuwa sasa anazipata albamu hizo hizo kwenye simu zikiwa rimasta, yaani sauti yake ikiwa imeandaliwa upya. Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri na kanda na kuiandaa isikilizwe tena, na katika miaka yote niliyoifanya hapa Nairobi sijasikia kauli iliyorudiwa mara nyingi kuliko hiyo: kwamba neno rimasta likishaandikwa kwenye jalada, toleo la zamani limekwisha kazi. Nimeijibu mbele ya mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, na ndiyo maana leo naijibu kwa maandishi.

Dhana: rimasta ni bora kuliko toleo la kwanza

Masta ni hatua ya mwisho kabla ya albamu kutolewa. Gitaa, besi, ngoma na sauti za waimbaji zimekwisha kuchanganywa zikawa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na fundi wa masta hupokea mchanganyiko huo ukiwa umekamilika. Yeye hurekebisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba, hupanga kiwango cha sauti kutoka wimbo mmoja hadi mwingine na kuamua urefu wa ukimya ulio kati yake. Anayefanya rimasta huirudia hatua hiyo moja tu, mara nyingi baada ya miaka ishirini au arobaini, akitumia kanda ambayo nayo imezeeka. Kitu ambacho hakikurekodiwa hawezi kukitoa popote. Kilichopo anaweza kukidhihirisha vizuri zaidi, au kukiharibu.

Basi kwa nini karibu kila anayelinganisha matoleo mawili kwa haraka huchagua jipya? Jibu limo sikioni. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini sikio huzipokea kwa udhaifu sauti nzito na zile nyembamba sana, na kwamba upungufu huo hupungua kadiri sauti inavyopandishwa. Kwa hiyo wimbo uleule ukipigwa kwa nguvu iliyozidi kwa desibeli mbili tu huonekana una besi nene zaidi na matoazi yanayong'aa zaidi, ingawa hakuna kilichobadilika ila nguvu yake. Kampuni za muziki zililitumia jambo hilo bila kiasi, na kuanzia miaka ya tisini sidii za roki zikawa zinatolewa kwa sauti kubwa zaidi mwaka hadi mwaka.

Sidii, hata hivyo, ina dari, na sauti haiwezi kuipita. Fundi akitaka kupandisha kiwango cha wastani wakati vilele vimekwisha kuigusa dari hiyo, hana budi kuvikata, na katika muziki wa roki vilele hivyo huwa ni mapigo ya ngoma. Vikishakatwa, ngoma hulia bila kugonga. Utangulizi wa gitaa uliokusudiwa kuwa mtulivu hulingana kwa nguvu na kiitikio, na msikilizaji huchoka baada ya nyimbo tatu bila kujua kilichomchosha. Mashabiki wa Metallica walilithibitisha hili wenyewe mwaka 2008, albamu ya *Death Magnetic* ilipotoka ikiwa imebanwa, yaani vilele vyake vimekatwa ili sauti ipande, hadi inakwaruza. Nyimbo hizo hizo zilikuwa zimewekwa pia kwenye mchezo wa kompyuta uitwao *Guitar Hero*, bila kubanwa kwa kiasi hicho, na waliozilinganisha walisikia ngoma za Lars Ulrich zikigonga tena. Ted Jensen, aliyefanya masta ya albamu hiyo, alieleza kwamba mchanganyiko ulikuwa umekwisha kubanwa kabla haujamfikia. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka albamu irekebishwe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ubanaji huo haumsaidii tena mtu yeyote. Huduma kubwa za kusikilizia muziki kwenye simu, Spotify ikiwamo, husawazisha nyimbo zote zikaribiane kwa nguvu, hivyo rimasta iliyobanwa hushushwa hadi ilingane na nyingine, na msikilizaji hubakiwa na ngoma zilizokatwa vichwa pasipo hata ile sauti kubwa iliyokuwa kisingizio cha kuzikata.

Kwa sababu hiyo, kila mteja anayebishana nami humfanyia jaribio lilelile. Naweka matoleo mawili ya albamu moja, nashusha lile lenye kelele hadi yalingane kwa nguvu, kisha nabadilisha kutoka moja hadi jingine bila kumwambia ni lipi linalopiga. *Back in Black* ya AC/DC, ya mwaka 1980, hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa sidii zake za kwanza ziliacha nafasi kubwa kati ya mapigo ya ngoma, ilhali toleo la mwaka 2003 lilipandishwa. Yule mteja wa sidii zilizogawiwa alilichagua la zamani mara nne kati ya tano, akaniomba nimrudishie jaribio tena. Ushauri wangu, ambao sitaacha kuutoa, ni huu: mtu asihukumu rimasta yoyote kabla hajasawazisha sauti.

Sisemi kwamba rimasta zote ni mbovu. Za The Beatles za mwaka 2009, ambazo mafundi wa studio ya Abbey Road walizifanyia kazi kwa miaka minne, zilistahili kuchukua nafasi ya sidii za mwaka 1987. Zile za mono, zenye njia moja ya sauti, hazikubanwa kabisa, na za stereo, zenye njia mbili, zilibanwa kwa kiasi kidogo. Ubora wake ulitokana na mikono iliyozifanya na kanda zilizotumika, wala haukutokana na neno lililoandikwa kwenye jalada.

Dhana: rimasta na rimiksi ni kitu kimoja

Anayefanya rimiksi hurudi kwenye kanda zenye njia nyingi, ambamo kila chombo kiko peke yake, akavichanganya vyote upya. Anaweza kuinua gitaa lililozama au kumwondoa mpigaji kabisa. Rush walilazimika kufanya hivyo kwa *Vapor Trails* ya mwaka 2002, kwa sababu mikwaruzo ilikuwa tayari imo kwenye mchanganyiko na rimasta isingeweza kuiondoa. Mwaka 2013 David Bottrill aliichanganya upya albamu yote, na hilo ndilo toleo la kununua.

Lakini njia hiyohiyo imeharibu mengi. Albamu nyingi za ZZ Top za miaka ya sabini zilichanganywa upya mwaka 1987 kwa ajili ya sidii, zikapewa ngoma zenye mwangwi wa mtindo wa miaka ya themanini, na wapenzi wa *Tres Hombres* ya mwaka 1973 walisubiri hadi mwaka 2006 kuupata mchanganyiko wake wa asili kwenye sidii. Kilichonisikitisha kuliko vyote ni *Blizzard of Ozz* ya Ozzy Osbourne. Katika toleo la mwaka 2002, besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake zilifutwa na kurekodiwa upya na wanamuziki wengine, na mchanganyiko wa wale walioipiga albamu ile mwaka 1980 haukurejeshwa hadi mwaka 2011. Anayemiliki toleo hilo la katikati anasikiliza albamu nyingine kabisa. Tazama mwaka kwenye jalada kabla ya kutoa pesa.

Dhana: santuri huwa na sauti kamili, sidii huipunguza

Naishi kwa santuri na nazipenda, lakini dai hili si la kweli. Kadiri upande wa santuri unavyorefuka, ndivyo mifereji yake inavyolazimika kusongamana na sauti kushushwa, na nyimbo za mwisho, karibu na katikati ya sahani, hupoteza uwazi. *Brothers in Arms* ya Dire Straits, iliyotoka mwaka 1985, ilirekodiwa kwa mashine ya kidijitali, na baadhi ya nyimbo zake zilifupishwa ili zienee kwenye santuri. Aliyetaka kuzisikia zote kwa urefu wake alihitaji sidii. Mwaka 2022 Mobile Fidelity, kampuni inayosifiwa kwa santuri za bei ghali, ilikiri kwamba nyingi kati yake zilipitia hatua ya kidijitali, baada ya wanunuzi kuusifu kwa miaka mingi usafi wa kanda waliodhani wanausikia.

Dhana: albamu ya jukwaani ni tamasha lenyewe kama lilivyotokea

Hapa jibu hutegemea albamu. *Alive!* ya Kiss, iliyotoka mwaka 1975, ilirekebishwa sana studio chini ya mtayarishaji Eddie Kramer. Kuhusu *Live and Dangerous* ya Thin Lizzy, ya mwaka 1978, mtayarishaji wake Tony Visconti alisema kwamba sehemu kubwa ilirekodiwa upya studio, jambo ambalo wanamuziki wenyewe walilipinga. Mimi naendelea kuipenda, kwa sababu gitaa zake mbili zinapoimba pamoja hazina mfano. Mtu anayetaka usiku wenyewe achukue *Made in Japan* ya Deep Purple, iliyorekodiwa na Martin Birch katika maonyesho matatu ya Osaka na Tokyo mwezi Agosti 1972, ambamo mwimbaji Ian Gillan na mpiga gitaa Ritchie Blackmore wanajibizana kwa namna ambayo hakuna studio ingeweza kuipanga, au *Live at Leeds* ya The Who, ya tarehe 14 Februari 1970. Toleo la kwanza la hiyo ya pili lilikuwa na nyimbo sita tu, na lebo yake iliandikwa kwa mkono agizo la kuwataka mafundi wasiiondoe mikwaruzo inayosikika ndani yake.

Wengi huku kwetu hunitajia Queen kwenye tamasha la Live Aid la mwaka 1985, wakijivunia kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja. Ni onyesho kubwa, lakini lilidumu dakika ishirini hivi, kwa hiyo mimi huwapa rekodi ya Wembley ya Julai 1986, ambamo bendi ina muda wa kupumua na Brian May anaachiwa gitaa lake peke yake.

Mteja wangu amekwenda kwa mpwa wake kuziomba sidii zile. *Led Zeppelin IV* na *Back in Black* zimerudi. Za Metallica kijana amekataa kuziachia.