Mvuke wa gundi, pua ya panya na maziwa ya fundi

Ukipita karakana za seremala Ngamiani, Tanga, kabati za jikoni nyingi siku hizi zinatoka kwenye MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshikizwa kwa gundi. Gundi hiyo mara nyingi ina fomaldehaidi, ile ile ambayo ikiyeyushwa majini huitwa fomalini na kutumika mochwari. Msumeno ukipita, mvuke wake unatoka, macho yanawasha, na maneno yanaanza.

"Sumu ya hewani huua nyama za mwili, haizikuzi."
Ingekuwa hivyo, saratani isingekuwapo. Mvuke huyeyuka kwenye ute wa pua, hushika protini na kulemaza vinyweleo vinavyousukuma ute huo. Seli za juu zinakufa, za chini zinagawanyika upesi kuziba pengo. Ikijirudia kila siku, utando laini wa pua hugeuka kuwa bapa na mgumu kama sugu ya kiganja. Na fomaldehaidi yenyewe huharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, kwa hiyo seli zinanakili kwa pupa kitu kilichokwisha kuharibika. Hapo ndipo uvimbe unapozaliwa.

Jaribio lililofanyika Marekani, ambalo ripoti zake zilianza kutoka mwaka 1980, lilionyesha hili waziwazi. Panya walivutishwa mvuke saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hadi miaka 2. Kwenye sehemu 2 za mvuke kwa kila sehemu milioni za hewa, hakuna aliyepata saratani ya pua. Karibu sehemu 6, wakapata wawili. Karibu sehemu 14, zaidi ya 100, takriban nusu ya kundi. Kutoka 6 hadi 14 dozi haikuongezeka hata mara tatu, lakini tazama saratani ilivyoruka: ukarabati wa pua ulikuwa umezidiwa.

"Panya si mtu."
Kweli, na hata panya wadogo wa jamii nyingine, kwenye mvuke ule ule, waliugua wachache sana kwa sababu hupunguza kupumua hewa ikiwachoma. Panya wale wakubwa hawapumui kwa mdomo, hivyo pua yao ilibeba mzigo wote. Ila usifurahi mapema. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2004 liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kutokana na saratani ya koo la nyuma ya pua iliyoonekana kwa wafanyakazi.

"Yakhe, mimi nishazoea, hata harufu siisikii."
Kilichozoea ni kunusa. Utando unaendelea kuungua.

"Kunywa maziwa jioni, yanaondoa sumu."
Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke umeishia puani. Yanywe kwa lishe, basi.

"Nimefunga kitambaa."
Kitambaa kinazuia vumbi kubwa, gesi inapita. Barakoa ya kufaa ni ile yenye kichujio kilichoandikwa kuwa ni cha fomaldehaidi, na hubadilishwa kikichoka.

"Kabati likishafika nyumbani, hatari imeisha."
Mvuke hupungua kadiri siku zinavyopita, ila joto na unyevu huutoa kwa wingi, na Tanga havikosekani vyote viwili. Kiwango cha juu cha WHO kwa hewa ya ndani ni miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, kwa dakika 30. Kingo zilizokatwa ndizo zinazovuja zaidi. Mwambie fundi azizibe zote, hata zile za nyuma zinazoangalia ukuta, ambazo wengi huziacha wazi kwa kuwa hazionekani.